Muziki wa Mbwana na Kioo cha Nyuma

Vumbi la Dodoma halibishi hodi. Ukifagia asubuhi, saa nne limerudi. Ukifunika sufuria, litatafuta upenyo. Tabu alilijua vizuri vumbi hilo. Kila siku aliamka mapema, akafagia uwanja, akafuta meza. Kisha alichukua ndoo zake mbili na kwenda kuchota maji kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa Mzee Thomas, karani wa serikali aliyestaafu. Aliishi nyumba ya pili pamoja na mkewe, Mama Ruthu. Mwaka huo wa 2002 nyumba nyingi za mtaa ule hazikuwa na bomba, lakini yao ilikuwa nalo. Tabu alichota hapo tangu alipohamia mtaani.

"Shikamoo mama," Tabu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Rukia hajambo?"

"Hajambo. Bado amelala."

"Akiamka mlete. Kuna uji."

Rukia alikuwa binti wa Tabu, mwenye miaka minne. Alikunywa uji wa Mama Ruthu mara nyingi kuliko wa mama yake.

Mbwana, mume wa Tabu, naye alikuwa na vita yake na vumbi. Alikuwa mtu wa Kondoa, mchapakazi na mwenye maringo kidogo. Miaka ile magari yaliyotumika yalikuwa yakishuka bandarini kwa wingi kutoka Japani. Mbwana alijibana, akanunua moja jeupe. Alilikodisha kwa safari na kwa harusi. Alilipenda gari lile kupita kiasi, nami simlaumu. Mtu aliyepanda migongo ya malori miaka kumi ana haki ya kulipenda gari lake.

Lakini vumbi liliingia ndani. Mbwana alikagua gari, akagundua matundu mawili ndani ya buti, moja kila upande.

"Huku ndiko adui anakopita," alisema.

Alikata sponji ya godoro kuukuu, akaipaka gundi, akayaziba matundu yote mawili. Aliongeza mipira kwenye milango. Baada ya hapo vumbi lilipungua kweli. Ila milango ilianza kugoma. Bila kuibamiza haikufunga.

"Baba Rukia," Tabu alimwambia siku moja, "ukifunga mlango huu masikio yangu yanaziba."

"Hiyo ndiyo dalili ya gari zima," Mbwana alijibu. "Halina upenyo."

Kisha akafunga muziki. Haukuwa muziki wa redio ndogo. Zilikuwa spika mbili kubwa za besi ndani ya boksi moja, lenye kona za chuma zinazong'aa. Mbwana alitaka watu walio nyuma yake barabarani waione mali hiyo. Akamwambia fundi aliweke boksi juu kabisa, nyuma ya siti, karibu na kioo cha nyuma. Muziki ukipigwa, ulisikika nyumba sita mbele.

Rukia alifurahi mno. Kila jioni aliingia garini akacheza peke yake kwenye siti.

Jioni moja Mzee Thomas alikuja akitembea polepole na fimbo yake.

"Mbwana, mwanangu, muziki wako ni mzuri," alisema. "Lakini vikombe vya mama vinacheza kabatini. Punguza kidogo."

Mbwana alicheka. "Mzee, huo ndio muziki wa kisasa. Mtazoea."

"Haya," alisema mzee, akarudi kwake.

Siku ya Alhamisi, saa kumi na moja jioni, Mbwana alitoka kuosha gari. Alifunga milango yote, akapandisha vioo vyote, akafungua muziki mpaka mwisho. Jumamosi alikuwa na harusi, akataka mtaa ujue. Kisha aliingia ndani kunywa chai. Tabu alikuwa jikoni na Rukia.

Ghafla kukasikika mlio. Paa!

Mbwana aliweka kikombe chini, akatafuta ndala zake, akatoka mbio. Kioo cha nyuma hakikuwepo. Vipande vidogo vidogo vilikuwa vimemwagika juu ya buti na chini, kama chumvi ya mawe. Na kando ya gari alisimama Mzee Thomas, anahema, fimbo mkononi.

"Mzee!" Mbwana alipiga kelele. "Umevunja kioo changu!"

"Mimi? Mimi nimetoka sasa hivi, niliposikia..."

"Umetoka na fimbo! Ulikuja kunikataza muziki, nikakataa. Leo umemaliza hasira zako kwenye gari!"

Watu walikusanyika. Mzee Thomas alianza tena kueleza, lakini kelele zao zilimzidi. Aliwatazama majirani mmoja mmoja, kisha akageuka kwenda nyumbani.

Hasira hasara. Wote tunaujua msemo huu, lakini hatuukumbuki mpaka hasara imeshaingia. Jioni ile ile Mbwana alikwenda kwenye benchi la kahawa, akamwambia kila mtu kwamba Mzee Thomas amemvunjia kioo. Kesho yake alipeleka mashtaka kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Halfani.

"Jumapili kuna mkutano wa mtaa," alisema Mzee Halfani. "Utasema hapo, naye atajibu hapo."

Mambo yakaharibika. Mbwana alipita mbele ya Mzee Thomas bila kumwamkia, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mzee yeyote. Tabu naye aliona aibu kwenda bombani. Alikwenda kioski cha mbali, akapanga foleni, akarudi na ndoo moja badala ya mbili. Rukia alilia akitaka uji wa bibi.

"Una hakika ni yeye?" Tabu alimwuliza mumewe. "Ulimwona akipiga?"

"Nilimkuta na fimbo."

"Fimbo anatembelea kila siku. Ukimwaibisha mzee yule Jumapili, na kumbe si yeye, tutaweka wapi nyuso zetu?"

Mbwana aliondoka akaenda kulitazama gari. Harusi alikuwa ameikosa, kwa sababu hakuna bibi harusi wa kupanda gari lisilo na kioo. Jumamosi asubuhi alikata nailoni ngumu, akaibandika kwa utepe wa gundi mahali pa kioo ili vumbi lisiingie. Kisha yeye na Tabu walikwenda Kizota, kwenye karakana ya fundi wa vioo.

Fundi huyo alikuwa mwanamke, Evarista. Alivaa ovaroli la bluu na glovu nene. Mbwana alitazama huku na huku akimtafuta fundi mwingine.

"Fundi ni mimi, kaka," alisema Evarista. "Karibuni. Kimevunjwa na nini?"

"Na jirani."

"Jirani alitumia nini?"

"Fimbo. Au jiwe."

"Jiwe mlilikuta ndani?"

"Hapana."

"Na vipande vingi viliangukia wapi, ndani au nje?"

Mbwana alifikiri. "Nje. Juu ya buti, na chini."

"Mtu akipiga kutoka nje, vingi huingia ndani," alisema Evarista. Aliingia garini, akalikagua lile boksi la spika. Akapitisha kidole kwenye kona yake ya chuma. "Dada, hebu njoo uone hapa. Unaona nini?"

Tabu aliinama. "Chuma kimechubuka. Kuna unga mweupe."

"Huo ni unga wa kioo. Kona hii ilikuwa inagusa kioo. Siku ile muziki ulikuwa unapigwa?"

"Ndiyo," Tabu alijibu haraka, kabla mumewe hajasema. "Mpaka mwisho. Na milango yote imefungwa."

Evarista alitikisa kichwa. "Ngoja niwaonyeshe. Kaka, funga milango, pandisha vioo, fungua muziki. Anza chini, ongeza polepole. Kisha njoo hapa nyuma utazame nailoni yako."

Mbwana alifanya hivyo. Kila besi ilipopiga, nailoni ilivimba kwa nje. Kisha ikavutwa ndani. Ikavimba tena, ikavutwa tena, kama kifua cha mtu aliyekimbia. Mbwana alikodoa macho.

"Nani anaisukuma?" aliuliza.

"Hewa," alisema Evarista. "Spika kubwa ya besi ni kama pampu. Inasukuma hewa mbele na kuivuta nyuma, mara nyingi sana kwa dakika moja. Hewa ikikosa pa kwenda, inasukuma vioo. Nailoni inanyumbuka, kwa hiyo unaiona. Kioo nacho kinacheza, ila kidogo sana, macho hayaoni. Wekeni mikono kwenye kioo cha mlango."

Waliweka. Kioo kilikuwa kinatetemeka mpaka kwenye vifundo vya mikono. Mbwana alizima muziki.

"Lakini mbona magari mengi yana muziki na vioo vyake ni vizima?" aliuliza.

"Swali zuri. Si kila muziki unavunja kioo. Kioo kizima, kilichokaa vizuri kwenye mpira wake, kinastahimili. Hatari inakuja kikiwa na kasoro. Labda kilipigwa na kokoto barabarani, kikabaki na alama ndogo. Labda mpira wake umelegea. Au kuna kitu kigumu kinakigusa, kama chuma chako hiki. Kila besi ilipopiga, kioo kilicheza na chuma kikakigonga. Kutwa nzima, siku baada ya siku. Kioo cha mbele hupata ufa, na ufa hutembea. Hiki cha nyuma kina tabia nyingine. Kikishindwa, hakipasuki ufa. Kinamwagika chote mara moja."

Kisha Evarista alifungua buti. Aliona sponji, akacheka.

"Na haya matundu ameziba nani?"

"Mimi," alisema Mbwana kwa sauti ndogo. "Vumbi."

"Kaka yangu, hapa ndipo gari linapotolea hewa. Milango haigomi kufunga?"

"Inagoma!" alisema Tabu. "Na masikio yanaziba. Nilimwambia."

"Masikio yako yalikuwa yanasema kweli. Umeifungia hewa ndani, halafu ukaipiga kwa pampu."

Evarista alibandua sponji zote mbili, akateremsha kidogo vioo vya milango ya mbele, upana wa vidole viwili. Akamwambia Mbwana afungue muziki tena, lakini apunguze besi. Nailoni ilitikisika kidogo tu. Mlango nao ulifunga kwa kusukumwa kwa mkono mmoja.

"Na vumbi je?" Mbwana aliuliza.

"Vumbi utalifuta kwa kitambaa. Kioo kikimwagika, kuna kitambaa cha kukirudisha?"

Siku hiyo hiyo Evarista alifunga kioo kingine na mpira mpya. Boksi la spika alilishusha ndani ya buti, mbali na kioo. Akalikaza kwa bolti na kuweka kipande cha zulia chini yake.

"Kila ukitoka safari ya njia mbovu, kagua vioo," alisema. "Ukiona alama ya kokoto, hata ndogo kama punje ya mtama, niletee kabla haijakua. Na muziki, weka kiasi ambacho watu garini wanaweza kuzungumza bila kupiga kelele. Masikio nayo, hasa ya watoto, huumia kwa kelele. Na sikio halina duka la vipuri."

Njiani kurudi, Mbwana hakufungua muziki kabisa.

"Mama Rukia," alisema mwishowe, "nimemsingizia mzee wa watu."

"Umemsingizia."

"Leo nitakwenda kwa mwenyekiti, nifute mashtaka kimya kimya."

Tabu alimgeukia. "Ulimsema mbele za watu. Ukimsafisha chumbani, nani atajua?"

Jumapili saa kumi watu walijaa uwanjani. Mzee Thomas alikaa mbele, amevaa koti lake la kanisani, mikono juu ya fimbo. Mama Ruthu alikuwa kando yake. Hawakumtazama mtu.

"Kuna shauri la kioo," alisema Mzee Halfani. "Mbwana, simama. Sema ni nani aliyevunja kioo chako."

Mbwana alisimama.

"Aliyevunja kioo changu," alisema, "ni mimi mwenyewe."

Mbwana akaeleza yote, habari ya sponji, ya kona ya chuma, ya nailoni iliyovimba na kunywea. Watu wengine walicheka. Ambokile, dereva wa teksi, hakucheka. Yeye naye alikuwa ameziba matundu ya gari lake kwa matambara.

Mbwana akamwendea Mzee Thomas, akainama. "Shikamoo, mzee. Nilikusema vibaya mbele ya watu hawa. Mbele yao hao hao nakuomba unisamehe."

Mzee Thomas aliegemea fimbo kwa mikono miwili. Kisha akasimama kwa kujikongoja.

"Siku ile hamkuniacha niseme," alisema. "Nilisikia mlio wa kioo. Kila jioni Rukia hucheza ndani ya gari lile. Nilidhani mtoto yumo. Nilikimbia kumtoa. Miguu hii haikimbii, ndiyo maana nilikuwa na fimbo, na ndiyo maana nilikuwa nahema."

Tabu aliweka khanga machoni akalia. Mbwana aliona haya, na haya ile ilimfaa.

"Marahaba, mwanangu," Mzee Thomas aliitikia. "Kioo umepata kingine. Mimi kilichoniuma ni kupitwa bila salamu, kama gogo. Basi, yamekwisha. Mama Rukia, ndoo zako ziko wapi? Bomba halijafungwa."

Wiki ile magari matatu yalikwenda kwa Evarista kutolewa matambara na sponji. La kwanza lilikuwa la Ambokile. Mbwana aliendelea kubeba maharusi, hadi Kondoa na hadi Hombolo, vioo vimeteremshwa vidole viwili, muziki wa kiasi. Bibi harusi mmoja alimwambia kwamba ni mara ya kwanza amesikia maneno ya nyimbo. Mwaka ulipita, na kioo cha nyuma kilikuwa kizima.

Na kila jioni alipofika mtaani, Mbwana alizima gari mbele ya nyumba ya Mzee Thomas. Alishuka, akamwamkia, kisha akaenda kwake.