Sauti Kabatini

Msusi alikuwa hajafika hata katikati ya hadithi, binti yake akaimalizia.

Hadithi yenyewe aliipata asubuhi ileile kwa mteja, mama mmoja mwenye nywele ngumu na maneno laini. Ndivyo alivyozipata zote. Mtu akishakaa kwenye kigoda, kichwa kimeshikwa na mdomo uko huru, hakosi kutoa kitu. Jioni msusi hufagia nywele, akanawa mikono, akawakalisha binti zake wawili kitandani na kuwamegea alichookota. Baba yao alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani akipita kama mgeni.

"Sungura akatumbukia shimoni," alisema msusi, "akatazama juu..."

"Hakutoka," akasema yule mkubwa, mtoto wa miaka mitano waliyemwita Chiriku kwa kuwa hakujua kunyamaza. "Alibaki mlemle. Mama yake aliita akachoka, akaenda zake."

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Mchana, kabatini."

Msusi akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Tangu hapo kila hadithi aliyokuja nayo alikuta imeshatanguliwa, na kila moja imevunjwa mwisho. Aliyeingia msituni hakurudi. Aliyefungiwa hakufunguliwa. Chiriku akaanza kupunguza maneno, kisha chakula, akawa mtu wa kukaa sakafuni shavu likiwa kwenye ubao wa kabati la nguo, kama anayesikiliza redio ya jirani. Chumba kikanuka nywele zilizoungua, hata siku ambazo msusi hakuchoma ncha za rasta ya mtu yeyote.

Mchana mmoja, akiwa barazani na kichwa cha mteja magotini, mteja akamwuliza, "Una pacha humo ndani?"

"Kwa nini?"

"Nakusikia unasimulia chumbani. Na wewe uko hapa, umenyamaza."

Msusi akatega sikio. Ilikuwa sauti yake kabisa, pamoja na kile kikohozi chake kidogo cha katikati ya maneno, ikitiririka polepole, tamu kuliko alivyowahi kuwa yeye.

Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao, akaenda kwa mganga na kurudi akinong'ona. "Kasema ni jini lenye njaa ya masikio. Limefuata hadithi. Tukifunga midomo, litahama lenyewe."

"Nisiwasimulie wanangu?"

"Polepole, linasikia. Ndiyo, mwanangu. Nyamaza."

Akanyamaza. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana sasa nyumba nzima ilibaki na sauti moja tu. Msusi akimwita Chiriku, mtoto anageukia kabati.

Mvua ilikuwa ikinyesha alasiri ile binti mdogo alipokuja kumvuta gauni. "Dada anaingia."

Msusi alikimbia na kitana mkononi. Chiriku alikuwa amezama kabatini mpaka kiunoni, na nguo zilizoning'inia zilikuwa zikivimba na kunywea kama kifua cha mtu aliyelala, na nyuma ya nguo hizo palipopaswa kuwa na ubao hapakuwa na ubao, palikuwa na giza linaloendelea, na kutoka humo sauti ikisema kwa upole, "Msichana akaingia, mlango ukajifunga, na mama yake akamsahau."

Mama mkwe alimshika mkono. "Usilijibu. Mganga kasema usilijibu."

"Mganga hana mtoto humu."

Akaketi sakafuni, akakamata miguu ya mwanawe, akaanza kusema.

"Mama yake hakumsahau. Aliacha kichwa cha mtu nusu, akamfuata."

"Akakuta ukuta," ikasema sauti yake kutoka gizani.

"Akachimba kwa kitana."

"Meno ya kitana yakakatika."

"Akatumia kucha."

Ikazima taa, naye akamleta dereva wa lori na taa zake mbili. Ikamletea mto, akamwita bibi mwenye fimbo akapima kina. Ikapoteza njia, akamliza mtoto mdogo ili wafuate kilio. Na kadiri alivyosema ndivyo utamu ulivyobanduka kwenye ile sauti, ikawa kavu, ikawa ya kukwaruza, kabati likitetemeka na ile harufu ikizidi, mpaka ikabakiwa na neno moja tu inalolirudia, hakutoka, hakutoka, hakutoka, na msusi akatambua kwamba kumbe jini lile halikujua hadithi hata moja. Lilijua kufunga milango, basi.

"Chiriku, mwanangu," alisema. "Mimi nimefika hapa. Malizia wewe."

Nguo zikaacha kupumua.

"Mama akamshika miguu," ikasema sauti ndogo, yenye kutu.

"Enhe."

"Akamvuta."

"Wakafanyaje?"

"Wakatoka."

Akavuta. Mtoto akaja mzimamzima, baridi kama jiwe la kisimani, akaomba chakula, na alipokwisha kula akaanza kusema mambo ya wiki nzima bila nukta.

Mama mkwe alitaka kabati lichomwe moto. "Nimesuka vichwa vya watu mpaka nikalinunua," alijibu msusi. "Kitakachohama ni kilichomo."

Jioni moja baadaye, katikati ya hadithi mpya, kucha zikakwaruza ubao kwa ndani, taratibu. Watoto wakamsogelea. Msusi akainuka, akaifungua milango yote miwili ya kabati, akarudi kitandani.

"Acheni lisikilize," alisema. "Huenda likajifunza kumaliza."

Akaendelea, kwa sauti kubwa zaidi.