Migomba Kwenye Taa ya Ngozi

Jumamosi moja kabla ya Diwali, ukumbi wa maonyesho wa Irving, pembezoni mwa Dallas, ulifurika watu hadi mlangoni. Wanawake wa Kihindi waliovaa sari za kumetameta walipigana vikumbo mbele ya meza za bangili, harufu ya sambusa na udi ikapanda pamoja, na muziki ulikuwa wa kumlazimisha mtu amsogelee mwenzake ndipo asikike. Flaviana alikuwa ametoka Pearland, kusini mwa Houston, kuja kwenye ubatizo wa mtoto wa binamu yake, Clothilde. Huyo Clothilde ndiye aliyemburuta mpaka pale, akitafuta kitambaa cha mapazia. Flaviana alivaa gauni la kitenge cha rangi ya haradali na mtandio mwepesi mabegani, na mtandio ndio uliomponza. Ulinasa kwenye waya wa taa moja, naye alipogeuka taa ikaanguka na kuchanika ubavuni.

Ilikuwa taa ndefu yenye umbo la mtungi, ya ngozi ya mbuzi iliyokwanguliwa mpaka ikawa nyembamba na kupitisha mwanga. Ilichorwa swala wekundu katikati ya maua, na kila ua lilitobolewa vitundu vidogo ambamo mwanga ulipenya kama nyota. Flaviana aliona haya mpaka akasahau yuko nchi gani.

“Jamani, samahani sana kaka yangu. Naomba unisamehe, sikuiona.”

Mwanamume aliyekuwa nyuma ya meza, mrefu, mwenye shati jeupe lililokunjwa mikono na vidole vilivyojaa rangi, aliinama kuiokota taa huku akicheka.

“Wewe ni Mtanzania,” akasema.

“Umejuaje?”

“Mkenya angeuliza kwanza ni nani ameweka taa kwa njia.”

Aliitwa Patroba, mtu wa Kakamega. Siku za kazi alikaa mbele ya kompyuta katika ofisi ya bima. Mwisho wa wiki alitengeneza taa pamoja na mama mmoja wa Kihindi, Padma, aliyekuwa ameketi kando yake akitoboa ngozi kwa patasi ndogo bila kujali kelele. Flaviana alitaka kuinunua ile taa aliyoichana. Patroba akakataa katakata, akasema haiuzwi ikiwa na jeraha. Ataishona kwanza, kisha atapiga simu. Clothilde, ambaye hakuwa mtu wa kupoteza muda, akaisoma namba ya binamu yake kwa sauti hata kabla mwenyewe hajaulizwa.

Simu ikapigwa Jumatatu. Taa ilikuwa imeshonwa, lakini haikuzungumzwa sana. Tangu hapo wakawa wanaongea kila Flaviana alipokuwa kwenye foleni ya magari akitoka hospitalini, alikokuwa muuguzi wa wodi ya figo. Alimcheka Patroba kwa Kiswahili chake cha kuamrisha.

“Kwenu hamna neno ‘naomba’? Kila kitu ‘nipatie, nipatie’.”

“Sawa, mwalimu. Naomba unipende.”

Flaviana alisahau kusogeza gari mpaka la nyuma likampigia honi. Kisha akasema ombi limepokelewa na litafikiriwa.

Lilifikiriwa haraka. Patroba akawa anashuka Houston kila alipopata nafasi, akija na taa ndogo au mfuko wa maembe, naye Flaviana akipanda Dallas alivaa vizuri kuliko alivyokiri. Huko Vickery Meadow, mtaa mmoja wa Dallas, katika ghorofa Patroba alilofikia alipokuja kusoma, alimwonyesha mlango wa jirani. Hapo ndipo Padma alikuwa akiishi zamani. Mwaka wake wa kwanza Patroba aliugua homa kali, hana ndugu wala rafiki, na mwanamke huyo asiyemjua alimletea wali na mchuzi wa dengu mpaka akapona. Tangu hapo alimwita Amma, yaani mama kwa lugha yake Padma. Baba yake Padma alikuwa mchezesha vikaragosi kule Andhra, kusini mwa India. Alizunguka vijijini na vikaragosi vya ngozi, akivichezesha nyuma ya pazia lenye taa, na watu walikesha wakitazama vivuli vya wafalme na nyani. Sinema ilipowachukua watazamaji, ukoo ukaanza kutengeneza taa kwa ngozi ileile na rangi zilezile. Padma hakuwa na mtoto aliyetaka kazi hiyo, hivyo alimfundisha Patroba.

“Kila ninachokijua kwa mikono yangu nimekipata kwake,” Patroba alimwambia Flaviana. “Huwa sijui nimshukuru vipi.”

Labda ni kwa sababu ya maneno hayo Flaviana naye alimfungulia moyo. Alimweleza jambo ambalo hata Clothilde hakulijua lote. Baba yake alipofariki Bukoba, karatasi za ukaazi za Flaviana zilikuwa bado zinashughulikiwa. Angetoka Marekani asingeruhusiwa kurudi. Alimzika baba yake kwa simu, ameketi kwenye gari katika maegesho ya hospitali, amevaa sare za kazi. Jeneza liliposhushwa mtandao ukakatika. Akafuta uso, akarudi wodini, akamaliza zamu bila kumwambia mtu. Patroba alimshika mkono na hakusema neno. Flaviana alimpenda zaidi kwa kimya hicho.

Majira ya kuchipua yalipofika, Padma na Patroba walialikwa kuonyesha taa zao katika jumba moja la sanaa mjini Houston. Flaviana alifika siku ya ufunguzi kwa furaha, amevaa gauni la kijani kibichi na hereni alizonunuliwa na Patroba. Katikati ya ukumbi aliona kundi la watu wamezunguka taa moja kubwa. Wengine walipiga picha. Alipopenya akaona juu yake amechorwa mwanamke kwenye gari, amevaa sare za uuguzi, ameinamia simu, na ndani ya simu kuna watu wadogo wamezunguka kaburi. Chini yake paliandikwa: Maziko kwa Simu.

Patroba alikuwa akija kutoka upande wa pili na tabasamu la mtu aliyeandaa zawadi. Tabasamu lilimfia njiani. Flaviana alimtazama mara moja, akageuka na kutoka nje.

Simu za Patroba hazikupokelewa mpaka siku ya tatu.

“Flavi, sikuandika jina lako. Hakuna mtu anajua ni wewe,” Patroba akasema.

“Mimi najua. Nilikupa wewe, Patroba. Sikuwapa wale watu na kamera zao. Ulikuwa unanipenda, au ulikuwa unatafuta cha kuchora?”

Hakungoja jibu. Patroba alibaki ameshika simu, akiudhika kwanza, kwani aliichora taa ile kwa miezi na alilia akiichora. Alimpelekea Padma malalamiko yake. Mama huyo alimsikiliza mpaka mwisho huku akichanganya rangi, kisha akamuuliza kama alimwomba Flaviana ruhusa. Patroba akasema alitaka kumshtua kwa furaha. Padma akamwambia baba yake aliwachezesha wafalme waliokufa zamani, lakini hakuwahi kumchezesha jirani kabla ya kwenda kubisha mlangoni kwake. Hasira za Patroba ziliishia hapo. Aliwapigia wenye jumba, akawaomba waiondoe taa ile, ingawa tayari kulikuwa na mtu aliyetaka kuinunua.

Lakini picha za taa hiyo zilikwisha kusambaa. Mchana mmoja, katika chumba cha mapumziko, Everline, muuguzi mwenzake Flaviana kutoka Kisii, mwanamke wa mzaha ambaye hakuna aliyewahi kumwona na huzuni, alimsogezea simu yake.

“Ona hii kitu. Huyu ni mimi kabisa,” akasema taratibu. “Mama alizikwa nikiwa kwa hii hospitali yetu, nimejifungia choo ya ghorofa ya nne. Nilidhani niko peke yangu.”

Flaviana alimkumbatia, na hapo katikati ya vikombe vya kahawa wakalia wote wawili, wakipeana hadithi walizoficha miaka yote waliyopishana kwenye korido. Jioni alipoingia kwenye gari alijiona mwepesi. Alikuwa bado amekasirika, lakini ndani ya hasira kulikuwa na shukrani, na hakujua avitenganishe vipi.

Jumapili hiyo, alipotoka kanisani, alimkuta Patroba amesimama nje ya nyumba yake Pearland na boksi kubwa miguuni. Hakujaribu kuingia.

“Nimekosa,” akasema. “Nilichukua kitu chako bila kuomba. Hii hapa. Ni yako, ukitaka uivunje.”

Flaviana alilifungua boksi palepale kwenye baraza. Sasa, bila watu, aliitazama taa vizuri kwa mara ya kwanza. Aliona jinsi Patroba alivyoupinda mgongo wa yule mwanamke, na machozi yaliyotobolewa kwa vitundu vidogo sana.

“Umekosea kaburi,” akasema hatimaye.

“Vipi?”

“Umeliweka kwenye uwanja mtupu. Sisi Wahaya tunazikwa nyumbani, kwenye migomba. Baba yangu amelala chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe.”

“Sikujua. Naomba unifundishe.”

“Mkenya ameomba,” Flaviana akasema, na bila kutaka akatabasamu. “Ingia ndani. Lakini bado nina hasira.”

“Ingia nayo. Nitakaa nayo.”

Waliichora migomba pamoja. Patroba alilainisha ngozi na kuchanganya kijani. Flaviana, ulimi nje kama mtoto wa shule, alichora majani, akimweleza kila mgomba ulisimama wapi na nani alikuwa amesimama karibu nao. Mwanga ulipowashwa, kaburi lilikuwa na kivuli. Flaviana alikaa mbele ya taa. Kisha akasema irudishwe kwenye maonyesho, na siku ya kufunga alisimama kando ya taa pamoja na Everline, akiwaambia waliouliza kwamba mwanamke aliyechorwa ni yeye.

Karatasi zake za ukaazi zilitoka mwishoni mwa Oktoba; sasa angeweza kwenda kwao na kurudi. Siku ya Shukrani, sikukuu ya Wamarekani ya mwezi Novemba, walikusanyika kwa Clothilde, Dallas. Padma alikuja na sari ya zambarau na sufuria ya wali wa ndimu, na asubuhi, batamzinga akiwa bado ndani ya oveni, Patroba alimvuta Flaviana pembeni ya jikoni.

“Ukienda kuliona kaburi la baba, naomba twende wote,” akasema. “Nataka kuja kwenu kukuposa, Flavi, kama utaniruhusu.”

Flaviana alimtazama mpaka macho yakamjaa machozi. Alichukua simu, akampigia mama yake Bukoba, ambako jua lilikuwa linazama, akamweleza kwa Kihaya kwa kirefu, huku Patroba akishika jina lake tu. Kisha akampa simu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nasikia wewe ni Mkenya.”

“Ndiyo, mama. Wa Kakamega.”

“Huku ni msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa. Unakula senene, au utatuonea kinyaa?”

“Kwetu tunakula kumbikumbi, mama. Wa kukaanga.”

Upande wa pili mama akacheka, kicheko kirefu ambacho Flaviana hakuwa amekisikia tangu msiba.

“Basi njooni,” akasema. “Nitawawekea.”