Nani Alibonyeza Kamera?

Kizuri chajitembeza. Wahenga walisema chajiuza, na kwamba kibaya ndicho kinachojitembeza. Lakini wahenga hawakuwahi kusimamishwa nyuma ya kiti miaka minne na mchumba mpiga picha. Zulma Burgueño alisimamishwa. Katika kila picha aliyopigwa na Milton, kiti kilikaa mbele, yeye nyuma, na kilichoonekana ni kichwa na mabega.

"Hapo umependeza, bonge langu," Milton humwambia.

Alhamisi hiyo jioni Zulma alikuwa amekaa mstari wa tatu katika ukumbi wa chama cha wapiga picha cha mji wa Salto, chupa ya maji moto kwapani, kibuyu cha chai chungu chenye mrija mkononi, akimsikiliza Milton akiisifu picha ya mwanamke aliye uchi.

"Tazameni," Milton alisema, fimbo ikielekea ukutani, mkono mwingine umeshika karatasi ya waamuzi aliyoijaza. "Mwanamke mzima, si msichana. Amesimama kando ya dirisha, mikono yote miwili juu, anakusanya nywele, uso umezama kivulini. Tumbo hakulivuta ndani. Paja hakulificha. Huyu anajua yeye ni nani. Miaka kumi na tisa naamua mashindano haya, sijaona mwili uliotulia hivi."

"Dosari?" aliuliza Don Aparicio, mwenyekiti, mzee wa miaka sabini na minane.

"Kisigino cha kulia. Amekikandamiza kama anayekamua ndimu. Na sakafuni pana ufa unaovuta jicho. Lakini zawadi ya kwanza ni yake, sina ubishi."

Makofi yakapigwa. Kanuni ya chama ni ya zamani: picha huletwa kwa jina la bandia, na jina la kweli hufungwa ndani ya bahasha mpaka waamuzi wamalize. Don Aparicio akachukua bahasha iliyoandikwa "Saa Nane Mchana", akaipasua, akaileta karatasi puani, akaipeleka mbali, mwishowe akampa Milton.

"Nisomee, mwanangu. Herufi zinanichezea ngoma."

Milton alisoma kimoyomoyo. Fimbo ikamdondoka.

"Kwa sauti, Milton!" watu walidai.

"Zulma Burgueño," alisema, kama anayesoma jina juu ya kaburi.

Zulma akasimama. "Nipo."

Nyuma yake, Mirta, dada mkubwa wa Milton, alishika kifua. "Wifi! Uchi? Na ofisi ya ndoa tunakwenda Ijumaa ijayo?"

"Ijumaa nitavaa, wifi. Usijali."

Nusu saa baadaye walikuwa studio kwa Milton, mlango umefungwa, pazia limeshushwa.

"Nani?"

"Nani nini?"

"Usinichezee, Zulma. Mikono yote miwili iko kichwani. Nani alibonyeza kamera?"

"Mimi."

"Kwa pua?"

Zulma alijimiminia chai, akanyonya.

"Picha ile imepigwa na kamera yangu kubwa ya zamani. Naijua inavyokula mwanga. Nilikuazima ukapige maua ya darasa la chama! Na saa yake ya kujipigia imekufa tangu mwaka juzi. Kwa hiyo chumbani kulikuwa na mtu. Ni Aparicio?"

Zulma akacheka mpaka chai ikamwagika. "Don Aparicio? Yule anayetia chumvi kwenye kahawa? Alinifundisha kusafisha filamu, basi. Kwenye chumba cha giza, na humo sote vipofu."

"Unacheka!"

"Wewe ndiye wa kuchekesha. Lile dirisha unajua ni la wapi?"

"Nitajuaje?"

"Ni la kwangu. Chumba cha kufulia. Kila Jumapili unakula kwangu, unalala kwangu mchana, shati lako linafuliwa mle, na hujawahi kutia mguu."

Milton akakaa. Akasimama tena.

"Uso ulikuwa kivulini," alisema, sauti imepungua.

"Uso ulikuwa kivulini, ndiyo. Mengine yote yalikuwa mwangani. Umeusifu mwili huu mbele ya watu, ukaupa zawadi, na hukuujua. Miaka minne, Milton. Hebu niambie, kati yetu nani wa kukasirika?"

Mwanamume aliyeshindwa hoja hutoa amri.

"Jumamosi maonyesho yanafunguliwa. Iteremshe kabla, kisha uende kwa mama yangu ukaombe radhi. La sivyo, Ijumaa ijayo nenda ofisi ya ndoa peke yako."

Zulma akafunga chupa yake.

"Ulichokiandika kwenye karatasi ya waamuzi, umekisoma?"

"Nimekiandika mwenyewe!"

"Basi kisome. Jibu lako liko humo."

Akatoka.

Asubuhi ya Ijumaa alikuwa kazini kama kawaida, kiwanda cha machungwa, mkanda ukipita mbele yake tangu saa kumi na mbili. Kazi yake ni kuondoa yenye madoa, maana wanunuzi wa ng'ambo hawataki ngozi yenye alama. Habari ilikwishafika. Salto si mji wa kuficha kitu.

"Zulma," mwenzake wa upande wa pili aliita, ameinua chungwa lenye kovu, "hili tulitupe au tulipige picha?"

"Liulize lenyewe kwanza."

Mkanda mzima ukacheka. Simu ikatetema mfukoni. Ni Mirta.

"Wifi, nusu ya mji imesikia na nusu inauliza ni wapi. Kama una haya, iteremshe."

Zulma akavua glavu, akajibu: "Haya ninayo. Nimeivaa miaka arobaini na moja. Siku ile ilikuwa kwenye kamba, inakauka."

Kutoka kwa Milton hakukuja kitu. Zulma alimpenda Milton; hilo halikuwa na mjadala. Alipenda anavyoimba vibaya akiendesha gari, na anavyowachekesha wasichana wa miaka kumi na tano wanaokuja kupigwa picha za sherehe ya umri huo wakilia kwa chunusi. Kama Ijumaa ijayo angebaki peke yake mlangoni pa ofisi, ingemuuma, na ingemuuma kwa muda mrefu. Lakini alikumbuka zile roli tatu za filamu alizozitumia siku ile, picha kumi na mbili kila moja. Ya kwanza alivuta tumbo ndani mpaka akakosa pumzi. Ya pili mkono mmoja ulikwenda wenyewe kuziba hapa na pale. Ya tatu alichoka kujiziba, akainua mikono, akasimama tu kama mtu aliyefika kwake. Alipoiona ile picha ikijitokeza ndani ya dawa, alisema kwa sauti, "Ahaa. Kumbe ni wewe." Kutoka pale, kurudi nyuma ya kiti kusingewezekana.

Jumamosi ilinyesha. Don Aparicio alikuwa amekaanga maandazi ya mvua, kama desturi ya mji inavyotaka kila inyeshapo, na ukumbi ulinuka mafuta na makoti mabichi. Picha ilikuwa palepale ukutani. Zulma alisimama kando yake, andazi mkononi.

Saa tano Milton akaingia, amelowa, Mirta nyuma yake. Hakumsalimia mtu. Mkono mmoja alishika karatasi ya waamuzi, mwingine kioo cha kukuzia. Akaiinamia picha, akaanza kwenye kisigino, akaufuata ule ufa wa sakafu polepole hadi ukingoni.

"Huu si ufa," alisema.

Akasogeza kioo karibu zaidi.

"Ni mpira. Huu ni mpira wa pampu yangu!"

Wapiga picha wote wakasogea. Walijua: kitufe cha mpira kama kile cha wauguzi cha kupimia presha, chenye bomba refu jembamba, ukikikandamiza, hewa inakwenda kubonyeza kamera mwisho wa chumba. Milton aliitafuta miezi mitatu.

"Pampu?" Mirta alipanda sauti. "Ile uliyosema nimeitupa nikifagia? Uliyonitukania mbele ya mama? Wiki tatu hukunisalimia, Milton!"

"Alikuwa hakamui ndimu," Milton alisema, hamsikii dada yake. "Alikuwa anabonyeza."

"Kwa hiyo nani kampiga?" mtu mmoja wa nyuma alichokoza.

Milton akageuka, akamkabili.

"Kajipiga mwenyewe. Peke yake. Una swali lingine?"

Milton akatoa kalamu, akaufuta kwa mstari mmoja mnene ule mstari wa dosari, akaibandika karatasi chini ya picha. Kisha akamsogelea Zulma.

"Siku mbili naisoma karatasi hii. Nilipaswa kukujua kwa mabega tu."

"Ulipaswa."

"Leo asubuhi nimeingia chumba cha kufulia. Jirani yako alinifungulia. Mwanga wake ni mzuri."

"Najua. Na sabuni iko kwenye kopo la bluu."

"Ijumaa ni saa nne. Nimemwambia mama asisubiri radhi."

"Na picha ya harusi?"

"Utasimama mbele."

"Na kiti?"

"Atakalia mama. Magoti yanamsumbua."

Zulma akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Akamkatia nusu ya andazi. Milton akatafuna, akamtazama Mirta aliyekuwa bado anafuka moshi, akashusha sauti.

"Lakini pampu, bonge langu. Miezi mitatu! Nimegombana na dada yangu wa damu. Picha sawa, nimeelewa. Angalau kwa pampu, sema samahani."

Zulma akafuta vidole, akaingiza mkono mfukoni, akaitoa ile pampu. Akaibonyeza mara moja. Ikatoa pumzi. Akairudisha mfukoni mwake.

"Aliyemtuhumu dada yako ni wewe, kamwombe wewe. Kwa picha siombi radhi, Milton. Na kwa pampu pia siombi."