Mabusu Matatu Mwishoni mwa Meseji

Jirani zangu wa mtaa huu, na kina mama wote mnaosubiri simu za watoto walio mbali, nisikilizeni. Sisimulii ya kusikia. Nyumba hii ninayoisema ni yangu mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili ya manyunyu. Nyama ilikuwa kwenye oveni, binti yangu Leanne akimenya viazi huku akimtania jirani yetu Norma kwamba kaletwa na harufu.

"Nimeletwa na mchuzi, mwanangu," Norma akajibu. "Salamu nitakupa nikishashiba."

Tulicheka. Ila kiti kimoja mezani kilikuwa kitupu kwa mwaka wa nne. Mwanangu Gareth yuko Australia, migodini. Hupiga simu Krismasi na siku yangu ya kuzaliwa. Akiandika, huandika neno moja: "Sawa."

Ndipo simu yangu ikalia. "Mama, simu yangu imetumbukia majini. Hii ndiyo namba mpya. Nimekukumbuka sana xxx."

Mnajua wenyewe, hapa kwetu Uingereza hizo x ni mabusu. Gareth hajaniwekea hata moja tangu aote ndevu. Mwenye akili timamu angeshtuka. Mimi nilifurahi! Nilijiambia, kumbe ugenini kumemlainisha.

Wiki mbili nzima aliniandikia kila asubuhi. Umeamkaje, mama? Nilimtajia goti langu mara moja tu, naye akawa haachi kuliulizia. Nikitaka kupiga, anasema simu mpya haitoi sauti. Kisha akasema anafukuzwa kwenye nyumba ya kupanga kwa kudaiwa kodi, akaomba nimlipie, na kwamba mwenye nyumba ana akaunti hapa hapa Uingereza. Nilipotaka kutuma, benki ikaniandikia kwenye kioo cha simu: jina halilingani na akaunti, huenda huu ni utapeli. Nikamwuliza.

"Ni akaunti ya mke wake. Usinitupe, mama xxx."

Nikabonyeza. Paundi elfu mbili na mia nne, nauli niliyojiwekea ya kwenda kumwona.

Meseji zikakoma siku ile ile.

Haikupita wiki, kimya kile kikanijulisha kwamba nimetapeliwa. Lakini sikumwambia mtu. Mtadhani ni aibu, na kweli aibu ilikuwepo. Ila nitawaambia lililokuwa zito zaidi. Kila asubuhi niliitazama simu. Nilimkumbuka yule aliyekuwa akiniuliza nimeamkaje. Nikienda benki, nitakuwa nimekiri kwamba mwana yule hakuwahi kuwepo.

Miezi ikapita hivyo, mpaka Leanne akanibana.

"Mama, tiketi unakata lini?"

"Goti linanisumbua."

"Tangu lini goti likawa pasipoti?"

Nikaangua kilio, nikampa simu. Alisoma zote akiwa amesimama.

"Mama, huyu si Gareth. Gareth hata hajui 'nimekukumbuka' inaandikwaje. Kesho tunakwenda benki."

"Sitaki kuwasumbua watu wa benki."

"Wasumbuke! Wanalipwa mshahara wa nini?"

Benki alitupokea dada mmoja aitwaye Farzana. Hakunicheka. "Bi Ogden, ukidanganywa ukatuma mwenyewe, sheria bado inakulinda. Benki iliyotoa na iliyopokea zinagawana mzigo wa kukurudishia. Lakini mwisho wa kudai ni miezi kumi na tatu, na wewe uko wa kumi na moja. Mbona umekaa kimya hivi?"

Nikamsukumia simu asome mwenyewe.

Akachukua nakala za meseji zote, kisha akaniambia niifunge namba ile isiniandikie tena. Kidole kiligoma. Leanne akaushika mkono wangu, akasubiri mpaka nilipobonyeza mwenyewe.

Siku chache baadaye pesa zilirudi. Jioni ile ile simu ikalia, namba ya zamani.

"Leanne ameniambia," Gareth akasema. "Mama, kweli ulidhani ni mimi?"

"Nilitaka awe wewe."

Nilisikia mitambo ikinguruma nyuma yake. "Usikate," akasema. "Ngoja nitoke nje, huku sikusikii vizuri." Nikasikia hatua zake, mlango, halafu pumzi yake karibu kabisa na sikio langu.

FUNZO

Kina mama wenzangu, usitume hata senti kabla hujaisikia sauti ya mwanao kwa namba unayoijua. Benki ikikuonya, simama, hata kama moyo unakusukuma. Na ukishaibiwa, sema siku hiyo hiyo. Huwasumbui watu wa benki. Ni haki yako, lakini ina mwisho wake, na mimi nilibakiza miezi miwili tu niikose. Wala msimcheke aliyetapeliwa, maana kicheko chenu ndicho kinachomfunga mdomo.

Na ninyi watoto mlio mbali, tapeli yule hakuwa na ujanja mkubwa. Alimwuliza mama yenu ameamkaje. Mwulizeni ninyi kwanza.