Kayaki ya Watu Wawili

"Kulia! Kushoto! Kulia! Usilegee, mke wangu!"

"Silegei! Wewe vuta tu huko nyuma!"

"Navuta! Kushoto! Kulia!"

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu kuliko yote kwa wiki nzima, na niliyapenda. Msinicheke. Ukiishi na mume anayekaa kimya sebuleni huku runinga ikiongea peke yake, hata kupigiwa kelele katikati ya ziwa unaona ni mapenzi.

Mimi ni fundi cherehani. Kuinamia mashine miaka yote hiyo kulinimaliza mabega, mpaka kuanika shuka kwenye kamba ikawa kazi. Daktari akaniambia nifanye mazoezi. Jimu nilijaribu mara moja, vyuma vikanichosha roho kabla ya mikono. Ndipo nikasikia habari za mama mmoja pale ziwani, wenyewe wanamwita Kocha, anayefundisha watu kupiga kasia kwenye kayaki, ule mtumbwi mwembamba ambao unakaa miguu umeinyoosha mbele.

"Twende wote," nilimwambia mume wangu. "Zipo za watu wawili."

"Jumamosi nina mambo yangu."

"Asubuhi tu, jamani. Tunalala kitanda kimoja lakini nimekumiss."

Alikubali bila kuinua macho kwenye simu. Mimi nikafurahi kama nimechumbiwa upya. Nikatushonea mashati ya kitambaa kimoja.

Kocha akatupanga, mimi mbele, mume wangu nyuma.

"Wa mbele hamwoni wa nyuma," alisema. "Kwa hiyo hapa kwangu wa nyuma ndiye anayeita. Na wewe mama, usivute kwa mikono peke yake, utajiumiza. Zungusha kiwiliwili, mgongo ufanye kazi, miguu isukume."

"Na raha inakuja lini?"

"Ikija utacheka mwenyewe."

Kweli nilicheka. Maji yakinirukia usoni nacheka, ndege akiruka mbele yetu nacheka. Mabega yakaacha kunisumbua. Blauzi zikaanza kunibana, ikabidi nizifumue na kuzipanua mabegani, na cherehani nikawa nalibeba mwenyewe kutoka chumbani hadi barazani. Nyumbani kimya kilikuwa kile kile, ila nilijipa moyo kwamba Jumamosi ipo.

Siku moja tumeshuka ufukweni, Kocha akanishika mkono.

"Mama! Hii misuli umeinunua wapi?"

Akamgeukia mume wangu, akambinya na yeye. Akaguna.

"Mzee, wewe huko nyuma unapiga kasia au unapiga soga?"

Tulicheka wote watatu. Mume wangu ndiye aliyecheka kwa sauti zaidi.

Tulipofika nyumbani nikaloweka nguo. Anayepiga kasia hawezi kuyakwepa maji, yanateremka kwenye mpini na kuingia kwenye mikono ya shati. Langu lilikuwa chapachapa. Lake lilikuwa kavu, mistari ya pasi bado imesimama kwenye mikono. Nililishika shati lile mpaka povu likaisha kwenye beseni. Labda ana namna yake ya kushika kasia, nikajiambia. Nilitaka sana iwe hivyo.

Jumamosi iliyofuata, tulipofika mbali na ufuko, nikainua kasia langu na kulilaza mapajani. Kayaki ikapunguza mwendo, ikasimama.

"Kulia!" mume wangu akaita. "Kushoto! Kulia! Hivyo hivyo, mke wangu!"

Kasia sikuligusa.

"Kushoto! Kulia! Vizuri sana!"

Hakuna aliyekuwa anavuta. Tulikuwa tumesimama pale, na yeye ananisifia.

Nikajipinda kiunoni nikageuka. Kasia lake limelala, kavu. Simu iko mkononi, na kwenye uso wake kuna tabasamu ambalo mimi sikuwa nimeliona tangu zamani.

"Unaandikiana na nani?"

"Aa... mambo ya kazini."

"Lete simu."

"Usijigeuze hivyo, tutapinduka!"

"Basi tupinduke. Si tumevaa majaketi ya kuelea?"

Akanipa. Nikasoma:

"Uko wapi mpenzi?"

"Ziwani na mke wangu. Yuko mbele hapa, hanioni."

"Masikini. Na hashtuki?"

"Hashtuki. Mimi namwitia tu kulia kushoto, anavuta mwenyewe."

Nilisoma mara mbili. Mwanamke mwenyewe sikumfikiria. Nilifikiria vile nilivyokuwa nacheka huku mbele, nikidhani tunacheka wawili.

"Kwa nini ulikubali kuja?"

"Si uliniomba?"

"Ungekataa. Nimezoea."

Akatazama maji.

"Nyumbani ungeniona nikiandika. Hapa hunioni," alisema.

Nikamrudishia simu yake.

"Shika kasia. Turudishe."

Akashika. Akavuta upande mmoja, tukazunguka. Akavuta upande wa pili, tukazunguka tena kama kuku aliyekatwa kichwa. Haikuchukua muda akawa anahema.

"Nimechoka, mke wangu. Nisaidie."

Nikamvuta mpaka ufukweni. Si kwa huruma, nilitaka tu kushuka.

"Tutayaongea nyumbani," alisema huku akipangusa suruali.

"Nyumbani unakuja kuchukua nguo."

"Unanifukuza kwa sababu ya meseji?"

"Nakufukuza kwa sababu nimekubeba ziwa zima, na wewe unamwambia mwenzako kwamba sishtuki."

Alichukua nguo. Siku ya pili akaandika: "Niko kwa kaka. Nimeachana naye yule. Nikirudi utanifungulia?"

Niliandika "njoo," nikafuta. Nikaandika tusi, nalo nikalifuta. Mwisho nikamwandikia: "Hapana. Nilikuwa mpweke ukiwepo, sasa angalau najua kwa nini." Kisha nikakaa barazani nisijue mikono niipeleke wapi. Nyumba ilikuwa kimya kama alipokuwepo, wala kimya hakikuzidi hata kidogo. Hilo ndilo lililoniliza.

Jumamosi Kocha alinikuta nimesimama kwenye mchanga, jaketi nimeshalivaa.

"Leo mama mko wangapi?"

"Niko peke yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. Hakuniuliza zaidi. Alinitolea kayaki ndogo, akaisukuma majini kwa mguu.

Ilikwenda nyepesi kiasi cha kunitisha. Nilipapasa kidogo, nikazungusha kiwiliwili, nikavuta kulia, nikavuta kushoto, na hakuna sauti yoyote nyuma yangu. Machozi yakaanza. Sikuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Nililia mpaka ng'ambo ya ziwa, na nilipofika nilikuwa bado nina nguvu za kurudi.