Eufrasia Ajiona Ukutani

Eufrasia huanika dagaa pale Kibirizi, kando ya ziwa. Kila asubuhi, mitumbwi ikishusha, hununua ndoo zake, akawamwaga dagaa juu ya chanja na kuwatandaza kwa mikono. Kwa miaka kumi na minane hakuna aliyesimama kumtazama.

Mwezi uliopita binti yake, Melania, alimtazama. Melania anasoma kidato cha tatu huko Gungu. Shuleni waliambiwa watengeneze filamu fupi, ya dakika tano. Basi akamrekodi mama yake kwa simu siku tatu mfululizo, akapata saa mbili nzima za video.

Jumamosi mchana Eufrasia alimkuta bintiye analia mbele ya kompyuta ya kuazima.

"Nini tena?"

"Mama, tazama."

Maandishi makubwa yalikuwa yamepita katikati ya uso wa Eufrasia. Programu ya kuhariri video Melania alipewa na rafiki kwenye flashi. Ilikuwa ya wizi. Sasa ilidai ilipiwe, na kila picha iliipiga mhuri.

"Na tunaonyesha Jumatano!"

"Futa machozi. Twende kwa Mwalimu Sia."

Sia, mwalimu wa kompyuta aliyehamia kutoka Moshi, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwao.

"Shikamoo, Mama Melania."

"Marahaba, mwalimu. Mtoto amekwama."

Sia akaitazama kompyuta. "Programu za wizi huja na virusi pia. Ziko za bure, tena halali. Moja inaitwa Shotcut. Unaipakua kwenye tovuti yake yenyewe. Baada ya hapo, hata bando likiisha, unafanya kazi. Na haipigi mhuri."

Akaisafisha kompyuta, akaiweka programu mpya.

"Melania, video zote ziweke kwenye folda moja. Usizihamishe tena, programu isije ikazikosa. Haya, kata."

Eufrasia akashtuka. "Akikata si zinapotea?"

"Hapana, mama. Video yenyewe inabaki nzima kwenye folda. Programu inakumbuka tu ianzie wapi, iishie wapi."

Melania akakata, akaunganisha, akabonyeza. Mtumbwi ukafika kwenye skrini. Mikono ikanyanyua ndoo. Chanja ikajaa, ikang'aa kwa jua. Siku nzima ya Eufrasia ilipita mbele yake kwa pumzi chache tu, na hakuna kilichokuwa cha uongo.

"Imana weee!" alisema kwa Kiha, akimwita Mungu. Akasogeza kiti. Kisha akakunja uso. "Rudi nyuma. Umeruka kugeuza."

"Mama, kule kugeuza kunachosha kutazama."

"Kunachosha kufanya pia. Dagaa wasipogeuzwa wanaoza upande wa chini. Mtu akiiga hii, atatupa mali."

Sia akacheka. "Mhariri tumempata!"

Wakarudisha kugeuza, sekunde kumi. Likabaki jambo moja: upepo wa ziwa ulikuwa umemeza sauti ya Eufrasia.

"Picha ina mstari wake, sauti ina wake," Sia alieleza, akigusa skrini. "Shusha sauti ya upepo. Mama asimulie upya humu ndani, tumrekodi kwa simu, tuiweke sauti yake chini ya picha."

Eufrasia alisimulia mara moja tu, bila kusita.

"Mwisho," Sia alisema, "usipeleke shuleni faili la kazi peke yake. Lile ni maelekezo tu, halina video ndani. Toa filamu kamili, kisha weka nakala kwenye flashi."

Jumatano, darasa likafungwa mapazia, projekta ikawashwa. Wanawake wanne wa Kibirizi walikaa nyuma na Eufrasia. Mikono yake ikatokea ukutani, mipana kuliko mlango, ikigeuza dagaa taratibu. Sauti yake ikajaa chumba. Wanafunzi waliokuwa wakinong'ona wakageukia ukuta. Hata makovu ya vidole yalionekana, na yalikuwa mazuri.

Filamu ikaisha. Hakuna aliyeinuka. Mwalimu mkuu akageuka kumtafuta mwenye mikono ile.

Eufrasia hakumwona. Macho yake yalikuwa bado ukutani.

"Melania," alisema polepole, "anzisha tena."