Bonde Linaloonekana Barazani

Kila asubuhi Mama Shuka aliamka, akasali, kisha akaanika shuka. Jina hilo alipewa na majirani. Shuka zake zilikuwa nyeupe, zimenyooka, na mgeni akilala hapo mara moja hasahau.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu vya wageni. Mbele palikuwa na baraza refu lenye viti vya mbao. Ukikaa pale unaona bonde lote, na ng'ambo yake maporomoko ya maji. Watu walisafiri kutoka mbali ili wakae tu, watazame. Tangu mumewe afariki, nyumba hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mama mkwe wake, Bibi.

Kisha ikajengwa mitambo ya upepo kwenye kilima cha kushoto. Ilikuwa minara mirefu, na juu ya kila mnara kulikuwa na mapanga matatu yanayozunguka kama feni. Inageuza upepo kuwa umeme.

"Tumekwisha," alisema shemeji yake, fundi seremala. "Nani atasafiri kuja kutazama vyuma?"

"Sasa tufanyeje, shemeji?"

"Tuvifiche. Asichokiona mgeni hakimuudhi."

Fundi akaleta matete, akajenga ukuta mrefu mbele ya baraza. Minara haikuonekana tena. Bonde nalo halikuonekana. Mama Shuka aliliona hilo, lakini hofu ilimzidi, akaacha ukuta usimame. Wageni walipopiga simu kuuliza kama kuna kilichobadilika, alijibu, "Hapana, kila kitu kiko kama zamani." Moyo ulimsuta, maana hakuzoea kusema uongo.

Wakaja mume na mke. Wakaketi barazani. Mbele yao matete.

"Bibi, bonde liko wapi?" mume alimuuliza Bibi, aliyekaa pembeni.

"Lipo, baba. Liko nyuma ya matete."

"Na tutalionaje?"

"Labda usimame juu ya kiti. Ila hicho mguu wake mmoja ni mbovu."

Mke alicheka, mume hakucheka. Kesho yake asubuhi wakafunga mizigo. Waliofuata nao hawakukaa.

"Si nilisema?" alisema Fundi. "Ile minara imetuua. Kuna mtu anatafuta ghala la kuwekea saruji. Tumuuzie nyumba mapema, kabla haijakosa thamani."

"Na Bibi nimpeleke wapi?"

"Kwangu."

"Kwako!" Bibi alidakia. "Kwenye chumba kimoja, na kelele za msumeno? Nizike kwanza, halafu uuze."

Siku hiyo Mama Shuka hakula. Alimwomba Mungu amwonyeshe njia.

Jirani yao mmoja ilikuwa kazi yake kuwaongoza wageni vilimani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miguu isiyochoka, na watu walimwita Mguu Njia. Alipita kuomba maji ya kunywa. Alipouona ule ukuta akasimama.

"Dada, umejenga choo barazani?"

"Si choo. Ni ukuta wa kuficha mitambo."

"Umeficha mkate kwa kuogopa nzi. Hebu niambie, wageni waliondoka wakilalamikia nini?"

Mama Shuka akafikiri. "Waliuliza bonde liko wapi."

"Waliulizia minara?"

"Hapana. Hata hawakuiona."

"Basi minara haikuwafukuza. Mmewafukuza wenyewe."

Fundi, aliyekuwa akitengeneza kile kiti kibovu, aliyatazama matete yake.

Mguu Njia akakaa. "Nimefanya kazi kwenye vilima vyenye mitambo kama hii. Wageni wengine hawakuipenda, wakaenda kwingine. Huo ndio ukweli. Lakini wengi waliendelea kuja, na wengine waliniomba niwapeleke karibu waione. Aliyekasirika zaidi ni yule aliyeahidiwa kitu kimoja akakuta kingine. Mwambie mgeni ukweli kabla hajaja. Achague mwenyewe."

"Kwa hiyo tusiogope?" aliuliza Mama Shuka.

"La kuogopa lipo. Kampuni ya mitambo inataka kuongeza minara mingine miwili ng'ambo, upande wa maporomoko. Hapo sasa mgeni akitazama maji, anatazama na mapanga. Lakini mashimo hayajachimbwa. Mnara uliosimama hauhamishiki kwa urahisi. Ule ulio kwenye karatasi unahamishika. Alhamisi kuna mkutano wa wananchi. Nenda ukaseme."

"Mimi? Nimeishia shule ya msingi. Nitawaambia nini wahandisi?"

"Utawaambia unachokiona kila siku. Wao hawajawahi kukaa hapa."

Fundi akainuka, akachukua nyundo, akaanza kubomoa ukuta wake mwenyewe.

"Piga, mwanangu, piga!" alisema Bibi. "Nilichoka kuishi kama kuku bandani."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mhandisi wa kampuni alionyesha picha kubwa ya vilima. Minara mipya ilionekana midogo kama vijiti. "Kama mnavyoona," alisema, "mandhari haitaharibika."

Mama Shuka alisimama. "Samahani, baba. Picha hii imepigwa kutoka wapi?"

"Kutoka juu, mama. Kwa ndege."

"Mgeni wangu si ndege. Yeye anakaa kwenye kiti. Naomba mje mpige picha kutoka kwenye kiti hicho, halafu mtuonyeshe minara itakavyokuwa."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Mhandisi naye alitabasamu. "Hilo ni ombi la haki," alisema. Wengine wakapata nguvu, wakauliza kuhusu kelele, taa za minarani, na malori yatakayopita barabarani.

Mhandisi alikuja kweli. Alikaa barazani, akapiga picha, akachora minara juu yake kwa kompyuta.

"Yote miwili inasimama juu ya maporomoko kabisa," alisema. "Kule ofisini hatukuliona hili."

"Ungelionaje, mwanangu?" alisema Bibi. "Ofisini kwenu hamna maporomoko."

Walisubiri majibu muda mrefu. Mama Shuka aliendelea kusali na kufua. Hatimaye Mguu Njia alikuja mbio, anahema.

"Wamekubali! Ile miwili inasogezwa nyuma ya kilima. Haitaonekana huku."

Mama Shuka alikaa chini palepale alipokuwa, beseni la nguo mapajani. Alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. "Ahsante, Mungu wangu," alisema. Machozi yalimtoka, akacheka huku analia. Fundi hakutaja tena habari za kuuza nyumba.

Simu ikaita. Sauti ya mwanamke iliuliza kama kuna chumba, na mandhari ikoje siku hizi.

Mama Shuka alifuta mikono. "Nikwambie ukweli, mama. Kushoto kuna mitambo ya upepo, inazunguka mchana kutwa. Mbele kuna bonde na maporomoko, yako wazi. Ukija utayaona yote."

"Watu wawili, basi," ilisema sauti. "Tunakuja Jumamosi. Na hiyo mitambo, mtu anaruhusiwa kuisogelea?"

"Yuko dada wa kukupeleka," alisema Mama Shuka, akamgeukia Mguu Njia, ambaye tayari alikuwa anafunga kamba za viatu.